Mshipi wa Mama na Alama za Zambarau

Nilimwona mama yangu uchi kwa mara ya kwanza Nairobi, mbele ya mwanamume mgeni, na aliyemwamrisha avue nguo nilikuwa mimi.

Nayaandika haya moja kwa moja kwa sababu hata leo, mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, kumbukumbu hiyo ikinijia ninapoosha vyombo huviacha nikakaa. Kwetu upande wa Siongiroi mtoto hamtazami mzazi wake akioga, sembuse kumvua nguo. Lakini yule bwana wa mashine hakujua Kikipsigis, na mama alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuza kuku na kugombana na madalali wa ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa katikati. Bwana akisema, "Mwambie atoe nguo yote ya chini," ilinibidi niyageuze maneno hayo nimwambie mwanamke aliyenizaa. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mama alikuwa mjane mwenye shamba dogo la chai, aliyoipanda mwenyewe na kuichuma kwa ukali. Alikuwa na fimbo nyembamba ya kulaza juu ya kichaka kabla ya kuchuma. Kilichochungulia juu ya fimbo kilichumwa, kilichobaki chini kiliachwa kikomae. Ukiingiza vidole chini ya fimbo alikuchapa kwa fimbo hiyo hiyo. Mimi nilichapwa sana, maana nilikuwa mvivu na mwenye haraka, na bado nina haraka.

Damu ilipoanza kumtoka tena, yeye aliyekuwa ameacha zamani kuona siku zake, hakumwambia mtu. Alijifunga vitambaa akaendelea kuchuma. Niligundua nilipokuja kumtembelea wakati wa likizo ya Agosti. Alikuwa amekalia gunia kwenye kituo cha kupimia majani, akasimama jina lake lilipoitwa, nami nikaliona gunia. Nilishtuka hata nikamkaripia mbele ya watu, kana kwamba amefanya utundu. Yeye aliligeuza gunia kwa mguu, akaenda kupimiwa majani yake.

Hospitali ya misheni walimpima, kisha wakaniita mimi peke yangu. Saratani ya mlango wa kizazi. Kisu hakingefaa tena, walisema, lakini miale ingeweza kumponya ikipigwa mahali penyewe, na mashine ya miale ilikuwa Nairobi. Nilisimama pale na tumbo langu la kwanza limeanza kuinua gauni, nikijiuliza nitamwambiaje. Nilimwambia ana kidonda ndani na kwamba kinakwenda kumulikwa. Aliniuliza kama taa hiyo inaumiza. Nikasema sijui, na hilo lilikuwa kweli.

Basi tukafika. Mama alilazwa wodini, mimi nikakaa kwa binamu ya mume wangu. Siku ya kwanza haikuwa ya kumulika, mashine ilikuwa imezimwa. Ilikuwa siku ya kumwekea alama. Yule bwana, mtu wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, alinieleza kwamba mgonjwa atalala chali, miguu imenyooka, mikono kifuani, na kwamba kila siku, wiki baada ya wiki, lazima alale vile vile. Si karibu na vile. Vile vile. Hata kukojoa akojoe kwanza kila siku, ili ndani pia pasibadilike.

Mama akavua. Nilikuwa nimeangalia dirisha, lakini bwana akauliza, "Na hii nini?" nikageuka.

Kiunoni mwa mama palikuwa na mshipi wa ngozi ulioshonewa kauri, mweusi kwa mafuta na jasho la miaka. Ilikuwa legetiet, mshipi ambao mwanamke wa Kikipsigis hufungwa akishazaa. Hadithi ya mshipi wa mama niliijua tangu utotoni, na tulikuwa tukiisimulia kwa fahari: siku ya ubatizo wake, wanawake walileta vitu vyao vya kale uwanjani mwa kanisa vikachomwa, na mama akatupa wake motoni wa kwanza kabisa. Nilikuwa nimewasimulia hata wanafunzi wangu.

"Si ulichomwa?" nilimuuliza kwa Kikipsigis.

"Iliyochomwa ni kamba ya mbuzi," alisema, akiangalia dari.

Miaka yote hiyo ya kwaya na vikao vya akina mama! Sikujua nicheke au nilie, na bwana alikuwa anangoja. "Mama, hii mshipi lazima itoke," alimwambia mwenyewe.

"Hapana. Hii hapana toka."

Nilimbembeleza. Nikamkemea kidogo. Alikaza midomo. Mwishowe aliuvuta mshipi juu mpaka chini ya matiti, akaukaza huko, akajilaza. Bwana alifikiri, akasema, "Sawa, huko juu sitafika. Lakini mwambie hivi: kama imekaa hapo leo, ikae hapo kila siku. Position isibadilike." Nikamwambia. Mama akaitikia kwa macho.

Kisha bwana akambonyeza mfupa wa nyonga huku na huku, akapima, akamchora mistari na misalaba kwa dawa ya zambarau, ile ile tuliyokuwa tukipaka vidonda vya ng'ombe. Mistari ilipita juu ya tumbo lililotubeba sisi sote. Mama aliinua kichwa akajitazama. "Wamenitia rangi kama kondoo wa mnada wa Siongiroi," alisema. Nilicheka kwa nguvu mpaka nikaona aibu.

Siku ya pili nilijiandaa kuingia naye, nikazuiwa mlangoni. Bwana alilitazama tumbo langu. "Wewe hapana. Kaa mbali kabisa, kule mwisho wa korido. Hii miale si nzuri kwa mtoto."

Nilishtuka sana. Kitu ambacho mtoto wangu hakupaswa kukikaribia hata kwa unene wa ukuta, mama yangu alikuwa anaingizwa ndani yake peke yake, mlango mzito unafungwa, na hata bwana mwenyewe anakimbia nje. Nikauliza kwa ukali, kama nilivyozoea kuwauliza wazazi wa wanafunzi watoro, ni tiba gani hii ambayo mganga anaikimbia. Hakukasirika. Alisema ndiyo maana alama zinachorwa: miale haijui ugonjwa wala uzima, inachoma pale inapoelekezwa. Nikaenda kukaa mwisho wa korido.

Sikukaa sana. Bwana alitoka akinitafuta kwa macho, na kitu usoni mwake kilinifanya nisimame. Mashine ilikuwa haijawashwa. Alikuwa amemlaza mama, akazima taa ili mwanga mdogo wa kuelekezea uonekane, akauweka juu ya msalaba wa zambarau sawasawa. Halafu, kwa mazoea yake, akabonyeza mfupa kuhakikisha. Mfupa haukuwa pale ulipokuwa jana.

"Alama imetembea," alisema. "Upana wa kidole gumba. Ningewasha, ningechoma mahali pazima, na ugonjwa ningeuacha juu."

Alininyooshea mkono wake. Juu ya mkono wa koti jeupe, karibu na kifundo, palikuwa na doa la wino. Akauvuta mkono wa koti kuelekea kwenye kiwiko, na doa likapanda. Kifundo kilibaki palepale. Ngozi ya tumbo la mwanamke aliyezaa watoto wengi ni hivyo hivyo, alisema, ni shuka tu. Jana kuna kitu kilikuwa kimeivuta shuka juu. Leo hakipo.

Mama alikuwa ametoa mshipi.

Hasira ilinijia mbio. Nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amejifunga shuka la hospitali, mshipi umerudi kiunoni. "Jana umeombwa uutoe, umekataa," nikamwambia. "Umeambiwa ukae nao, leo umeutoa. Unataka nini, Mama?"

"Jana ulikuwa umesimama hapo," alisema. "Wewe, na hilo tumbo. Ningefungua vipi? Leo umewekwa mbali, nikafungua. Si ndivyo alivyotaka tangu mwanzo?"

Nilielewa, na hasira yote ikanitoka. Kwetu mama aliyekosewa mpaka amechoka hapigi kelele wala hatoi laana kwa mdomo. Anafungua mshipi wake mbele ya mtoto. Basi. Hakuna maneno baada ya hapo, na hakuna wa kurudisha. Upande wa Sigor kulikuwa na mtu mmoja ambaye watu walisema mamake alimfungulia mshipi. Alikuwa mzima wa afya, anapiga kazi, lakini hakuna aliyekaa naye benchi moja, na wanawake wenye mimba walivuka barabara wakimwona. Mimi pia nilifundishwa kuvuka.

Kwa hiyo mama alipokuwa akikataa, alikuwa ananikinga. Na alipotii, akidhani sasa anafanya vizuri, alikuwa ameiharibu tiba.

Bwana alisema lazima achorwe upya, bila mshipi, na asiuvae tena chini ya mashine mpaka mwisho, maana ngozi ile itakuja kuwa laini na kuuma na haitavumilia hata kamba. Nikamwambia, basi mchore mimi nikiwa nje. Walijaribu. Sista mmoja, muuguzi, alimwonyesha kwa ishara, lakini kila alipoguswa nyonga mama alipinda kiuno, na kila alipoambiwa apumue polepole aliacha kupumua kabisa. Wakatafuta mtu mwingine wa kufasiri. Akapatikana mlinzi mmoja mzaliwa wa Kedowa ajuaye lugha yetu, mwanamume mzima mwenye kofia yake mkononi. Mama alimtazama mara moja tu, akaniambia, "Turudi nyumbani."

"Mama, bila hii taa utakufa." Ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimelitamka neno hilo kabla ya hapo.

"Najua," alisema. "Najua tangu gunia."

Bwana alisimama mlangoni, akageuza uso. Alisema polepole kwamba kama mama hawezi kulala inavyotakiwa, nafasi yake itabidi apewe mwingine. Nje kulikuwa na benchi zima la wanawake wanaosubiri, kutoka kila pembe ya nchi.

Sasa ilibaki mimi kusema neno moja tu. Nilikuwa nalo tayari: Mama, mimi ni Mkristo, ni mwalimu, hayo yalikuwa ya zamani, fungua mshipi wako mbele yangu na hakuna litakalonipata. Nilifungua mdomo. Halikutoka. Mkono wangu ulikuwa tumboni, sikumbuki ulifika huko lini. Mengi yalikuwa yamenishtua tangu gunia lile, lakini hakuna lililonishtua kama hilo. Niliamini. Chini ya vyeti vyangu vyote na nyimbo zote za Jumapili, niliamini kabisa kwamba mshipi ule ukifunguliwa mbele yangu mtoto wangu ataharibika. Na mama yangu alikuwa anakufa mbele yangu kwa sababu ya jambo ambalo ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja.

Mama aliniona. Alinitazama mdomo ulio wazi, akautazama ule mkono, na hakunicheka. Aliangalia sakafu. Kisha akasema, "Kuna njia."

"Njia gani?"

"Mshipi ukifunguliwa ukaachwa hivi hivi, hiyo ni laana. Lakini ukitoka kiuno cha mama ukaingia kiuno cha binti, bila kugusa kitu, bila kushikwa na mtu mwingine, hapo haujafunguliwa. Umeazimwa. Bibi zetu walifanya hivyo. Kogo wako, bibi yako mzaa mimi, alifanya hivyo."

Sikuwahi kusikia habari hiyo, lakini sikuwa nimesikia mengi, na nilitaka kusikia hiyo. Nikamwambia bwana kwamba mama amekubali, ila kwanza kuna jambo la kinamama. Mtu mzima yule aligeukia ukuta bila kuuliza. Mama akanisogelea mpaka tumbo lake likagusa langu. Alilegeza mshipi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaupitisha nyuma ya mgongo wangu, ukatoka kwake ukija kwangu bila kuachana na sisi hata kidogo, akaufunga juu ya gauni langu. Ulikuwa na joto lake. Alipomaliza alivuta pumzi, akaenda mwenyewe kujilaza kwenye meza.

Mashine ikiwa imezimwa, nikasimama kichwani pake nikafasiri. Bwana alimsugua alama za jana zikafifia, akambonyeza mfupa, akachora upya. Nilimweleza mama jinsi mwanga utakavyolala juu ya mstari, na kwamba akiinuka hata kidogo utachoma pasipotakiwa.

"Kumbe ni fimbo," alisema. "Mngesema hivyo tangu jana. Nani asiyejua kwamba kichaka hakitikiswi fimbo ikishalala?"

Tangu hapo hakukuwa na mgonjwa aliyelala vizuri kuliko mama. Bwana alikuwa akiwasifia wengine kwa mfano wake. Kila siku, kwenye chumba kile cha kubadilishia, tulisimama tumbo kwa tumbo akaniazima mshipi, maana alisema ukishaazimwa mara moja uazimwe hivyo mpaka mwisho, nami nikaenda mwisho wa korido kukaa nao chini ya sweta, mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye kauri kiunoni. Kauri zilinichoma mbavu. Mtoto alikuwa anakua, na kila wiki tulilegeza ngozi kidogo. Wakati mwingine alicheza chini ya mshipi, nikawa naogopa kuuliza kama anacheza au anaukataa.

Mama alikonda. Tumbo lilimsokota, akaharisha, ngozi ikawa nyeusi ndani ya mistari. Hakulalamika juu ya hayo. Alilalamika juu ya uji wa wodini, na juu ya jirani yake aliyekoroma, na juu ya shamba lake ambalo alijua kwa hakika lilikuwa linachumwa na mashemeji zake kwa vidole vya kijinga.

Siku ya mwisho alitoka kwa kujishika ukuta. Nilimtazama alivyokuwa, mifupa na macho, nikaona tunakoelekea. Nikajiambia, mshipi huu sasa ni wangu, hataudai. Nilianza kulia pale pale mbele ya benchi zima la wanawake.

"Unalia nini?" alisema. "Lete mshipi wangu. Bado sijafa."

Akauchukua kama tulivyozoea, ila kwa haraka kidogo kuliko kawaida, akajifunga juu ya nguo, mahali ambapo hapakumuuma. Tukapanda basi la Kericho.

Na kweli hakufa. Damu ilikoma, nguvu zikarudi polepole, akawafukuza mashemeji shambani. Alichuma chai miaka mingi baada ya hapo. Ningeweza kuishia hapa, na kwa muda mrefu nilipoisimulia hadithi hii niliishia hapa, kwa sababu watu hufurahi wakisikia kwamba bado hajafa.

Lakini nilijifungua miezi michache baada ya sisi kurudi. Mtoto wa kike. Mama alikuja siku ya pili, akitembea kwa mkongojo, na hakunisalimu. Alimwomba mtoto. Nilidhani atamwimbia. Badala yake alimweka kitandani, akamfungua nguo zote, akamlaza chali, akamnyoosha miguu, akaweka mikono yake midogo kifuani. Kisha akaanza kumkagua. Alihesabu vidole vya mikono na vya miguu. Alimbonyeza nyonga huku na huku kwa vidole gumba, taratibu, vile yule bwana alivyokuwa akimfanyia yeye. Alimgeuza akaupitisha mkono mgongoni, akachungulia masikioni, akamfungua mdomo akaangalia ndani.

"Mama, unatafuta nini?"

Alimaliza kwanza. Kisha akakaa chini sakafuni, mguu wa kitanda ukiwa mgongoni kwake, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona analia, si kwenye mazishi ya baba, si Nairobi.

"Yuko mzima," alisema.

"Si uliniambia kogo alifanya hivyo? Kwamba mshipi ukiazimwa—"

"Kogo wako hakufanya hivyo. Hakuna mtu aliyefanya hivyo. Niliyatunga pale pale, nikiangalia sakafu ya wale watu."

Nilimwona tena amesimama tumbo kwa tumbo nami, siku baada ya siku, akinifunga kile kitu juu ya mtoto, bila hata chembe ya hakika, kisha akienda kulala kimya kuliko wagonjwa wote. Sikujua nimkaripie au nimshike mkono.

"Kwa nini, Mama?"

Alijifuta uso kwa leso, akanitazama moja kwa moja.

"Nilitaka kuishi," alisema.

Mtoto alikuwa ameanza kupiga kelele kwa baridi. Mama akainuka kwa kushika kitanda, akamfunika, akamnyanyua.

"Ana njaa huyu," alisema. "Chukua."